Maumivu sugu na manahodha wengi



Leo naweka kando habari za misimbo na seva, ingawa ukinivumilia utaona sijaenda mbali sana. Nataka tuzungumze kuhusu maumivu. Si maumivu ya kidole kilichobanwa na mlango, hayo huja na kwenda zake. Nasema yale yanayoingia mwilini na kukataa kutoka, kama mgeni asiyejua kuaga. Yakipita miezi 3 madaktari huyaita maumivu sugu, na mpaka huo ndio uliomo katika ICD-11, orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika Januari 2022.

Msimamo wangu nauweka hapa juu kabisa, asiye na wakati aende zake salama. Mtu mwenye maumivu sugu ambaye amekwisha kupimwa vizuri hahitaji daktari wa nne, wala picha ya tatu, wala programu mpya ya simu. Anahitaji timu moja iliyoketi meza moja, yenye faili moja na mpango mmoja. Na sisi Wakenya hatuwezi kusema kwamba jambo hilo ni la nchi tajiri, kwa sababu tumewahi kulifanya. Nitafika hapo.

Utauliza, fundi wa programu anatafuta nini hospitalini? Sababu mbili. Kwanza, kazi yetu ni ya kukaa. Ingia ofisi yoyote ya waundaji programu hapa Nairobi uulize ni nani anaumwa shingo, mgongo au kifundo cha mkono, kisha hesabu wanaonyamaza. Utamaliza haraka :-) Na si sisi tu. Mwaka 2020 watu takriban milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya mgongo wa chini, na hakuna hali nyingine inayowafanya watu waishi miaka mingi zaidi wakiwa hawajiwezi sawasawa. Pili, kila nikiitazama shida hii naona ni shida ya mfumo, na mifumo ndiyo inayonipa ugali.

Hebu niwape mfano. Shangazi yangu huuza mboga sokoni, na kwa miaka miwili mgongo umemtesa. Mwaka jana nilimsindikiza katika hospitali moja, jina nitaliacha. Ndani ya ua huo mmoja kuna daktari wa mifupa, mtaalamu wa tiba ya viungo (wengi humwita fizio tu), mshauri nasaha na duka la dawa. Hospitali nyingi hazina hata nusu ya hao.

Daktari wa mifupa aliitazama picha, akamwambia pingili zake zimelika, asiiname na asibebe kitu kizito. Fizio, ghorofa moja chini, akamwambia ajizoeze kuinama taratibu kila siku, na atembee. Dukani akapewa vidonge vya wiki mbili na mtu ambaye hakuuliza vile vya mwezi uliopita vilikuwa gani. Kwa mshauri nasaha hakuna aliyempeleka, ingawa shangazi alikuwa halali usiku, na kibanda chake sokoni kilikuwa karibu kumponyoka. Kila mlango maswali yalianza upya: jina, umri, unaumwa wapi, tangu lini. Daftari la hospitali na bahasha ya kaki yenye picha alibeba yeye mwenyewe. Kwa lugha yetu, shangazi ndiye aliyekuwa kebo. Data yote ya mfumo ule ilipita mikononi mwa mtu ambaye kuketi kwenyewe kulikuwa mateso.

Jioni, kwenye matatu, akaniuliza: "Sasa mwanangu, niiname au nisiiname?"

Hilo ndilo swali langu la leo. Wataalamu wote wale walikuwa watu wazuri waliosoma. Kila mmoja alifanya kazi yake. Lakini yeyote aliyewahi kuunda mfumo mkubwa anajua kwamba kila kipande kinaweza kufaulu majaribio yake peke yake, halafu mfumo mzima ukaanguka pale vipande vinapokutana. Wahenga walituonya zamani: manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Tuanze na ile picha, maana ndiyo tunayoiamini kupita kiasi. Mwaka 2015 watafiti walikusanya tafiti 33 zilizowapiga picha za uti wa mgongo watu 3,110 ambao hawakuwa na maumivu yoyote. Walikuta nini? Kati ya wenye umri wa miaka 20, asilimia 37 walikuwa na diski zilizoanza kuchakaa. Kwa wenye miaka 50 ilikuwa asilimia 80, na kwa wenye miaka 80, asilimia 96. Watu wazima, wanacheka, wanacheza, na picha zao zinatisha! Kwa hiyo mengi ya yale yanayoitwa kulika ni mvi za uti wa mgongo tu. Hii haina maana kwamba picha haina kazi. Ina maana kwamba picha peke yake haiwezi kukueleza kwa nini huyu anaumwa na jirani yake haumwi.

Sehemu kubwa ya jibu iko kwenye neva na ubongo. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walitoa nadharia ya lango: ujumbe wa maumivu haupiti moja kwa moja kama maji ndani ya bomba, bali hukutana na lango kwenye uti wa mgongo, na ubongo wenyewe unaweza kulifungua au kulibana. Baadhi ya mambo yao yamerekebishwa tangu wakati huo, lakini wazo la msingi limebaki. Fikiria king'ora cha gari pale mtaani kwenu. Kilitengenezwa kimlie mwizi. Sasa kimeharibika, paka akiruka juu ya boneti kinalia, upepo ukivuma kinalia. Mlio ni wa kweli kabisa, na nyinyi hamlali. Lakini kutafuta mwizi kila usiku hakutawasaidia. Kinachotakiwa ni kukirekebisha king'ora.

Nasisitiza: mlio ni wa kweli. Watu wengi wakisikia mtaalamu wa saikolojia ametajwa hukasirika, wakidhani wanaambiwa maumivu ni ya kubuni. Sivyo. Hofu, kukosa usingizi, msongo wa madeni na upweke hukiongezea king'ora hicho wepesi wa kulia, na misuli isiyotumika hufanya vivyo hivyo. Ndiyo maana mtu mmoja mwenye aina moja ya chombo hawezi kukirekebisha.

Aliyeliona jambo hili mapema ni John Bonica. Alizaliwa mwaka 1917 katika kisiwa kidogo cha Italia, akapelekwa Marekani akiwa mtoto, na alijilipia masomo ya udaktari kwa kupigana mieleka. Naam, mieleka, huku amevaa barakoa ulingoni! Mieleka hiyo ilimwachia maumivu ya maisha. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili alikuwa daktari wa nusukaputi katika hospitali ya jeshi katika jimbo la Washington, akihudumia askari ambao majeraha yao yalikuwa yamepona lakini maumivu yalikuwa hayajaondoka. Aliwauliza wataalamu wengine, akagundua kila mmoja anajua kipande chake tu. Basi akaanza kuwakutanisha mezani wamjadili mgonjwa mmoja kwa pamoja. Mwaka 1953 alichapisha kitabu kuhusu tiba ya maumivu chenye kurasa zaidi ya 1,500, na mwaka 1960 akaanzisha kliniki ya maumivu katika Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle, akishirikiana na daktari wa upasuaji wa ubongo na neva, Lowell White, na muuguzi Dorothy Crowley. Baadaye mwanasaikolojia Wilbert Fordyce wa chuo hicho hicho akaongeza jambo kubwa nitakalolieleza punde.

Kliniki za namna hii leo nyingi ni za wagonjwa wa nje. Hulazwi. Zikifanya kazi inavyotakiwa, mambo huwa hivi.

Siku ya kwanza unaonwa na daktari, fizio na mwanasaikolojia, kila mmoja kwa wakati wa kutosha. Halafu, na hapa ndipo penye siri yote, wanafunga mlango na kuzungumza wao kwa wao. Wakimaliza wanakuita, pengine pamoja na mtu wa nyumbani kwako, na wanakupa maelezo mamoja kwa sauti moja. Kuinama ni ndiyo au ni hapana. Hakuna ghorofa ya chini yenye jibu lingine.

Kisha unaulizwa unataka kufanya nini tena maishani. Huulizwi tu maumivu yako ni mangapi kati ya 10. Unataka kubeba sufuria ya ugali? Kukaa ibada nzima kanisani? Kurudi sokoni? Lengo hilo ndilo linaloandikwa, na kila mtu kwenye timu anavuta kamba upande huo.

Halafu huja wiki kadhaa za mazoezi na masomo, mara nyingi katika kikundi. Hapa ndipo anapoingia Fordyce. Wengi wetu hufanya kazi mpaka maumivu yatushinde, tukalala siku mbili, tukaamka na kulipia kazi zilizolala, tukashindwa tena. Mwili unajifunza kwamba kazi ni adui na kitanda ni zawadi. Yeye alisema tufuate saa na kiasi kilichopangwa, tusiyafuate maumivu. Kama unaweza kusimama dakika 10 kabla mgongo haujawaka, anza na 7, uketi hata kama unajisikia vizuri, na baada ya siku chache uongeze moja. Dawa pia huenda kwa saa, si kwa kelele za maumivu, na zile zisizosaidia hupunguzwa pole pole chini ya uangalizi. Mwanasaikolojia anashughulikia hofu na usingizi. Mtaalamu wa tiba ya kazi anakufundisha upya kuinua gunia au kupanga meza yako ya tarakilishi. Mtu wa ustawi wa jamii anazungumza na mwajiri.

Je, inafanya kazi? Mwaka 2014 shirika la Cochrane lilichapisha uchambuzi wa majaribio 41 yenye watu 6,858 waliokuwa na maumivu sugu ya mgongo wa chini. Waliotibiwa na timu ya namna hii walipata nafuu zaidi ya maumivu na kujiweza zaidi kuliko waliopata huduma ya kawaida au tiba ya viungo peke yake. Sitawadanganya: tofauti ilikuwa ya wastani, si muujiza. Anayekuuzia muujiza wa maumivu sugu, shika mfuko wako. Lakini kwa mtu aliyekwama, tofauti ya wastani ni kurudi kazini siku tatu kwa wiki badala ya kukaa nyumbani.

Hata Uingereza, mwongozo wa NICE wa Aprili 2021 kuhusu maumivu sugu yasiyoelezwa na ugonjwa mwingine unashauri mazoezi, tiba za kisaikolojia na baadhi ya dawa za unyogovu. Unasema wagonjwa hao wasianzishiwe parasetamoli, dawa za jamii ya ibuprofeni, wala dawa za jamii ya afyuni. Sasa linganisha na duka la dawa la mtaani kwako, ambapo diklofenaki hununuliwa kama peremende. Ukiimeza miezi na miezi bila uangalizi, tumbo, figo na shinikizo la damu ndivyo vitakavyolipa deni.

Na tusome pia makosa ya Wamarekani, maana kliniki zilianzia kwao na bado wakateleza. Miaka ya 1990 kampuni za bima huko zilianza kukwepa kulipia timu nzima kama huduma moja. Zililipia kila kipande kando: sindano, upasuaji, vidonge. Timu nyingi zikavunjika. Wakati huo huo, mwaka 1996, OxyContin iliingia sokoni, na mwaka 2007 kampuni iliyoitengeneza ilikiri mahakamani kwamba iliinadi kwa kupotosha. Mwaka 2021 pekee Marekani ilipoteza watu zaidi ya 80,000 kwa vifo vilivyohusisha dawa za jamii ya afyuni, wengi wao kwa fentanili haramu. Sisemi kwamba kuvunjika kwa timu ndiko kulikoleta yote hayo. Nasema kwamba kidonge huandikwa kwa dakika moja na timu huhitaji saa nzima. Anayelipa akikataa kulipia saa, atapata vidonge.

(Nisieleweke vibaya. Mgonjwa wa saratani anayehitaji mofini apewe, na hapa kwetu wengi bado wanaikosa. Hilo ni jambo jingine kabisa.)

Sasa nirudi nyumbani kama nilivyoahidi. Nani amesema Kenya haiwezi kuendesha kliniki ya wagonjwa wa nje yenye timu? Kumbuka kliniki za CCC katika hospitali za kaunti. Humo aliyeishi na virusi vya UKIMWI alionwa na tabibu, muuguzi, mshauri nasaha, mtu wa lishe na mfamasia, na mara nyingi palikuwa na mwenzake anayeishi na virusi aliyemshika mkono. Dawa zikionekana kushindwa, mwongozo wa taifa unataka timu ikae imjadili mgonjwa huyo kabla ya kubadilisha. Timu. Meza moja. Mpango mmoja. Wakati wa miaka mibaya tuliambiwa Waafrika hawataweza kumeza dawa kwa saa. Tuliweza, kwa sababu hatukumwachia mgonjwa mzigo wa kuunganisha mfumo.

Tena upande wa tarakilishi tulikuwa mbele. OpenMRS, programu huria ya rekodi za wagonjwa inayotumika katika nchi nyingi, ilianza mwaka 2004, na chimbuko lake ni kazi iliyofanywa Eldoret, ikitanguliwa na mfumo mdogo wa kituo cha afya cha Mosoriot mwaka 2001. KenyaEMR imejengwa juu yake. Kwa hiyo msingi upo.

Mimi ningependekeza mambo matatu, yote madogo.

1. Faili moja inayosomwa na wote. Juu kabisa ya skrini, kabla ya shinikizo la damu, kuwe na mstari mmoja wa lengo la mgonjwa kwa maneno yake: "Nataka kurudi sokoni." Chini yake, mpango wa timu. Asiyekubaliana nao aujadili mezani na wenzake, asimwambie mgonjwa jambo lingine mlangoni.

2. Maswali matatu kila wiki. Kuna kipimo kinachoitwa PEG, kilichochapishwa mwaka 2009: katika wiki iliyopita maumivu yako kwa wastani yalikuwa kiasi gani, yamekuzuia kiasi gani kufurahia maisha, na yamekuzuia kiasi gani kufanya shughuli zako. Kila moja 0 hadi 10. Maswali hayo yanaingia kwenye SMS, hata simu ya kitochi inatosha. Lakini tukumbuke Sheria ya Kulinda Data ya 2019: habari za afya ni siri nyeti, si bidhaa. Na tusimuulize mtu kila saa. Nina wasiwasi na programu za simu zinazomfanya mgonjwa ayachungulie maumivu yake mchana kutwa.

3. Kalenda. Naam, kalenda tu. Hospitali ya kaunti yenye tabibu, fizio na mshauri nasaha tayari inawalipa mishahara. Iwape alasiri moja kwa wiki, tuseme Alhamisi, waketi pamoja na wagonjwa wachache. Hakuna mashine ya kununua.

Najua pingamizi. "Wataalamu ni wachache." Ni kweli, na ndiyo maana ni ubadhirifu kuwatumia watatu kwa mgonjwa mmoja wakipingana. "Bima hailipi." Hapo ndipo pa kupigania. SHA ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na orodha za huduma zinazolipiwa huandikwa na watu, zinaweza kuandikwa upya. Kama tunaweza kulipia picha ambayo nusu ya majibu yake ni mvi, tunaweza kulipia saa moja ya watu watatu kuzungumza.

Neno la tahadhari kabla sijafunga. Maumivu ya mgongo yakija na homa, kukonda bila sababu, ganzi sehemu za siri, kushindwa kuzuia mkojo au choo, au miguu kulegea ghafla, usisubiri timu wala usisome blogu. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Na kwa wewe unayeumwa leo, kliniki hizo zikiwa bado hazijafika kwenu, unaweza kuanza na jambo moja. Safari ijayo andika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lako lengo lako na dawa zote unazomeza, kisha umwombe kila mtaalamu asome alichoandika mwenzake kabla hajaongeza lake. Wakipingana, waulize papo hapo, bila aibu, ni lipi la kufuata. Ni kazi ambayo haikupaswa kuwa yako, lakini itakusaidia.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Ila hata vidole kumi havimvunji kama kila kimoja kiko kwenye mkono wake.

Kuna anayefanya kazi hospitalini na ameona timu kama hii ikijaribiwa hapa Kenya? Niandikie hapo chini. Na waundaji programu wenzangu, ile fomu ya maswali matatu ni kazi ya wikendi moja tu. Nani yuko tayari tuiunde?

Mpaka juma lijalo. Na inuka kwenye hicho kiti, unyooke kidogo :-)